Kujiajiri kama mbunifu wa grafiksi Dar es Salaam: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Vijana wanaomaliza chuo huniuliza, wazazi wao huniuliza, na wateja wapya huniuliza pia kwa njia yao. Nimeamua kuyaandika majibu mahali pamoja. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiko nilikoumia na sitaki mwingine aumie palepale.

Unaishi kwa kazi hii tu, au una ajira pembeni?

Kwa kazi hii tu, tangu 2015. Kabla ya hapo nilikaa miaka miwili kwenye steshenari moja Kariakoo, kutwa nzima natengeneza kadi za michango, stika za bajaji, beji za kamati na vyeti vya semina, mteja amesimama nyuma ya kiti anasema "hapo kuza kidogo, hapo weka ua". Naishukuru sana ile miaka. Nilijifunza kufanya kazi haraka, na nilijifunza kwamba mteja anaposema "weka ua" mara nyingi anamaanisha "naona pako patupu na naogopa watu wataona nimebana matumizi". Ukijua anachoogopa, unaweza kumsaidia bila hilo ua.

Hela inaingia kila mwezi?

Hapana, na hili ndilo lililonishinda mwanzoni kuliko lolote. Kazi za mji huu zina misimu kama mvua. Kuanzia Mei hadi mwanzoni mwa Julai ni Sabasaba: kila anayekwenda kwenye maonyesho ya Barabara ya Kilwa anataka bena, vipeperushi na fulana, na wote wanazitaka wiki ileile. Kabla ya mwezi wa Ramadhani kuna ratiba za futari na daku za misikiti na maduka. Baada ya Idi harusi zinafululiza. Oktoba hadi Desemba ni kalenda na diari. Halafu inakuja Januari, watu wamelipa ada na kununua sare, na simu yako haiiti kabisa.

Mwenye nyumba hazijui hizo Januari. Hapa mjini wengi hudai kodi ya miezi sita kwa mpigo, wengine mwaka mzima. Kwa hiyo mtu anaponiuliza aache ajira akiwa na akiba gani, namwambia: kodi yako ijayo yote iwe imeshawekwa pembeni, pamoja na chakula cha miezi mitatu. Mimi niliacha nikiwa na chakula cha wiki tatu. Mwaka ule nilikubali kazi ambazo sikupaswa kuzikubali, kwa bei ambayo bado inanisikitisha, kwa sababu tu tarehe ya kodi ilikuwa imefika.

Ninapangaje bei?

Anza na maisha yako, usianze na bei ya jirani. Chukua daftari. Tuseme kodi ya nyumba kwa mwezi ni 250,000, chakula na nauli 300,000, bando na umeme 90,000, programu 60,000, akiba ya kubadilisha kompyuta siku ikifa 100,000, na ya kutuma nyumbani 100,000. Jumla 900,000. Sasa hesabu saa ambazo unalipwa kweli. Siku za kazi ni kama 20 kwa mwezi, lakini kila siku nusu inakwisha kwa kupokea simu, kukaa kwenye foleni ya Ubungo, kufuata sampuli kwa mchapaji na kudai madeni. Zikibaki saa nne za kuchora, mwezi una saa 80. Gawanya: 11,250 kwa saa. Nembo inayokuchukua saa 20 ni 225,000, na hapo bado hujapata faida, umejilipia kuishi tu.

Mteja usimpe bei ya saa. Atakaa anahesabu dakika zako. Mpe bei ya kazi nzima, lakini wewe ujue ndani yake kuna saa ngapi.

Na akisema "kuna kijana Manzese anafanya kwa elfu kumi na tano", usimseme vibaya yule kijana. Huenda ni mimi wa 2013. Mweleze mteja utakachomfanyia, atapokea faili zipi na utarekebisha mara ngapi, kisha mwache aamue.

Ndugu na marafiki wanataka niwafanyie kishkaji. Nawakataliaje?

Siwakatalii wote. Ninachofanya ni kwamba kazi ya ndugu ni bure kabisa au ni bei kamili. Bei ya katikati ndiyo inayovunja undugu, kwa sababu wewe unaona umempunguzia na yeye anaona amekulipa.

Harusi nina utaratibu wake. Kadi za mwaliko nazichora kama mchango wangu, na ninamwomba mweka hazina wa kamati aandike kwenye daftari: jina langu, ahadi 150,000, imelipwa kwa kadi. Mara ya kwanza waliona ajabu. Lakini siku ya kikao cha mwisho, yanaposomwa majina ya waliotimiza ahadi, na langu linasomwa. Kazi yangu imehesabiwa kama hela ya mtu mwingine yeyote.

Advansi naiombaje kwa mtu mzima bila kumkosea adabu?

Wengi wetu tumelelewa kuona aibu kumdai mkubwa. Nimekaa sebuleni kwa mama mmoja mwenye mgahawa nikinywa chai yake, kazi imeshaisha, na nikashindwa kutamka neno "hela" mpaka nikaaga. Alinilipa baada ya miezi minne, naye wala hakuwa mtu mbaya. Sikuwahi kumwambia alipe lini.

Sasa hivi nalisema siku ya kwanza, tena kwa maandishi, ili asilazimike kulikumbuka wala mimi nisilazimike kulirudia. Ujumbe wangu ni huu, unaweza kuuchukua ulivyo:

"Shikamoo mama. Nimefurahi tulivyozungumza leo. Kazi yako ni 300,000. Naanza nikipokea nusu, 150,000, na nusu ya pili ni siku ya kukukabidhi faili. Nimekuandikia hapo chini tulichokubaliana, naomba ukisome, na kama kuna nilipokosea unirekebishe."

Nusu ya pili naipokea kabla ya kutoa faili kamili. Kabla ya hapo mteja anaona picha ndogo yenye jina langu katikati. Sijawahi kumpoteza mteja mzuri kwa sababu ya utaratibu huu. Waliokimbia ni wale ambao wangekimbia mwishoni.

Mteja anabadilisha mawazo kila siku. Nifanyeje?

Tuanzie nyuma, maana tatizo hili hutatuliwa kabla halijatokea. Nina karatasi moja ninayoijaza kwa mkono kwenye kikao cha kwanza, mteja akiwa mbele yangu. Inauliza: Kitu hiki kinamwendea nani? Ataona wapi, ukutani, mkononi au kwenye simu? Kitachapwa kwa ukubwa gani, nakala ngapi? Rangi ipi haitakiwi kabisa? Maneno yote yako tayari? Nani ndiye msemaji wa mwisho? Mwisho wa karatasi tunaandika marekebisho ni mara tatu, kuanzia ya nne yanalipiwa.

Swali la msemaji wa mwisho limeniokoa kuliko yote. Kazi za kamati, za kanisa, za msikiti, za saccos, kila mjumbe ana macho yake. Mwenyekiti anataka kijani, katibu anataka dhahabu, na mjumbe ambaye hakuwepo anakuja na nembo aliyoiona Dubai. Mimi napokea maoni kwa mtu mmoja tu, ambaye jina lake liko kwenye karatasi. Waende wakavutane huko, wakikubaliana aniletee.

Maneno nayo yafike yote kabla sijaanza, kisha mteja asaini sampuli kabla haijachapwa. Niliwahi kuchora kadi iliyosema Jumamosi, tarehe yake ikawa Ijumaa. Tuliisoma watu watano, hakuna aliyefungua kalenda. Siku hizi kila tarehe naipeleka kwenye kalenda ya simu, na kila namba ya simu iliyo kwenye kadi naipigia.

Kwa nini rangi niliyoiona kwenye kompyuta siyo iliyotoka kwenye karatasi?

Hapa naomba usome taratibu.

Mwaka 2016 shule moja ya msingi ilinipa kazi ya kalenda 500. Rangi yao ilikuwa buluu ya masweta ya watoto, na kwenye kioo changu ilikuwa inawaka vizuri mno. Nikapeleka faili kwa mchapaji, nikarudi nyumbani kulala. Siku ya kukabidhi, mwalimu mkuu akafungua boksi la kwanza, akatoa moja, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, hii ni zambarau." Ilikuwa zambarau. Zote 500. Niliuza kamera yangu nikachapa upya.

Niliporudi kwa mchapaji nikiwa na hasira, fundi wa mashine hakubishana na mimi. Alinipa kile kioo kidogo cha kukuzia wanachokiweka juu ya karatasi, akaniambia nitazame. Nikaona buluu yangu haipo. Kulikuwa na nukta ndogondogo za rangi ya sayani (buluu nyepesi inayokaribia kijani) na nukta za majenta (waridi iliyokolea) zimebanana, nyingi karibu sawa kwa sawa. Jicho likizichanganya kwa mbali linaona zambarau.

Kioo cha kompyuta kinatengeneza rangi kwa mwanga: nyekundu, kijani na buluu, yaani RGB. Mashine inatumia wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi, yaani CMYK. Mwanga unaweza kuonyesha buluu na kijani kali ambazo wino haziwezi. Ukipeleka faili ya RGB, mashine itajitafsiria yenyewe, na buluu ndiyo inayoumia kwanza. Kwa hiyo anza kazi ya kuchapa ukiwa tayari kwenye CMYK. Buluu yako iwe na majenta pungufu kuliko sayani kwa angalau asilimia 30. Sayani 100 na majenta 60 itabaki buluu. Sayani 100 na majenta 95 ndiyo kalenda yangu ya 2016.

Mengine ya kuchapa kwa haraka: picha za kitu cha kushika mkononi ziwe na nukta 300 kwa inchi. Ongeza milimita 3 kila upande nje ya mstari wa kukatia, kwa sababu kisu hakikati palepale kila mara na kitakuachia uzi mweupe pembeni. Geuza herufi ziwe maumbo kabla ya kutuma, la sivyo kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti yako itaweka fonti nyingine. Picha anazokutumia mteja kwa WhatsApp mwambie azitume kama nyaraka, maana zikitumwa kama picha zinabanwa na kupoteza ubora.

Na nenda ukasimame kwenye mashine. Mfahamu fundi kwa jina, mpelekee soda, muulize karatasi hii inakunywa wino kiasi gani. Karatasi isiyong'aa hufanya rangi ileile ionekane imefifia. Hayo sikufundishwa na mtu darasani, nimeyajua nikiwa nimesimama pale kwenye joto na harufu ya wino.

Lazima niwe na Mac na programu za gharama?

Kompyuta yenye kumbukumbu ya kutosha inatosha. Inkscape, GIMP na Krita ni za bure na zinafanya kazi za kweli. Illustrator na Photoshop za wizi nimezitumia zamani na sikushauri: siku moja ilizimika katikati ya kazi, na kirusi kilichokuja nayo kikala faili za miezi miwili.

Kuna haja ya kujisajili rasmi?

Kwa kadi za mtaani unaweza kwenda hivihivi kwa muda, lakini siku kampuni au taasisi ikikuhitaji itauliza TIN, yaani namba ya mlipakodi, kabla haijauliza kazi zako. TIN inatolewa na TRA, Mamlaka ya Mapato, bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwa mtandao. Ukitaka zabuni za serikali, siku hizi zinapita kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa manunuzi ya serikali.

Jambo linalowashtua wengi ni kodi ya zuio. Kampuni ikikulipa kwa huduma itakata asilimia 5 na kuipeleka TRA kwa jina lako. Nilipokatwa mara ya kwanza nilidhani nimedhulumiwa. Hiyo ni kodi yako iliyolipwa mapema, lakini itahesabika ukiwa na hati yake tu. Idai hati kila unapolipwa na uihifadhi, maana mhasibu akishahama kuipata ni kazi. Kwa makadirio ya kodi yako mwenyewe nenda ofisi ya TRA ya wilaya yako, ukae na afisa, uulize mpaka uelewe.

Pia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, hupokea wanachama wa hiari waliojiajiri. Nilichelewa kujiunga.

Nikichukua picha Google kuna shida?

Ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mpiga picha kama inavyokulinda wewe. Piga picha mwenyewe, mlipe mpiga picha, au tumia zilizoruhusiwa kwa biashara. Na kazi zako za asili unaweza kuziandikisha COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Suala la nani anamiliki nembo baada ya malipo liandikeni kwenye karatasi ya siku ya kwanza, maneno mawili tu yanatosha kuzuia ugomvi.

Umeme ukikatika? Intaneti?

Mgao wa mwishoni mwa 2023 ulinifundisha kufanya kazi alfajiri. Hali ilianza kupoa 2024 mitambo ya Bwawa la Nyerere ilipoanza kuwashwa, lakini bado nina laptopu yenye betri nzima na diski mbili za nje, moja iko kwa dada yangu.

Mei 12, 2024 ilipokatika mikongo ya intaneti ya baharini ya EASSy na Seacom, nilikuwa na kazi ya mteja wa nje inayotakiwa kesho yake asubuhi. Faili ya megabaiti 200 haikutoka usiku kucha. Nilichoweza ni kumtumia ujumbe mfupi, nao uliingia karibu alfajiri. Alinielewa kwa sababu nilimwambia mapema. Tangu hapo kazi ya nje naituma siku moja kabla.

Canva na akili mnemba havitatumaliza?

Zimeshachukua kazi za elfu kumi, na sioni zikirudi. Mama ntilie akijitengenezea posta ya pilau kwenye simu yake, mimi nafurahi. Lakini juzi mteja aliniletea picha ya akili mnemba ya soko letu: ndizi zimepangwa kama za nchi nyingine, na bango lililo nyuma limeandikwa maneno yasiyo Kiswahili wala lugha yoyote. Alijua kuna kitu hakijakaa sawa ila alishindwa kusema ni nini. Kukaa naye tukatafuta ni nini, hiyo ndiyo kazi aliyonilipa.

Sikusoma chuo cha sanaa. Nijifunzie wapi?

Fungua kabati la mama yako utoe kanga. Itandaze kitandani. Kuna pindo linalozunguka pande zote nne, kuna mji katikati, na kuna jina, yale maandishi yaliyokaa chini ya mji. Ni mpangilio wa ukurasa uliokamilika. Tazama pindo linavyozuia jicho lisitoke nje. Hesabu rangi, mara nyingi ni mbili au tatu tu, na bado inaita kutoka ng'ambo ya barabara. Tazama jina limepewa nafasi yake na hakuna ua lililolikanyaga. Nilikaa wiki nzima na kanga moja ya mama nikiinakili kwa penseli, na ndipo nilipoacha kujaza kila kona ya bango.

Kisha nenda Oysterbay, Morogoro Stores, ukawatazame wachoraji wa Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza na vipande vya mraba vya hadibodi na rangi za kung'aa za makopo, mwishoni mwa miaka ya 1960. Aliishi na mtindo wake miaka michache tu, akafariki 1972, na mpaka leo ukiuona popote duniani unajua umetoka hapa. Maumbo yake yana kingo safi na ujasiri. Nikiwa na bajeti ya rangi mbili huwa namkumbuka.

Faili za zamani nizitunze mpaka lini?

Mimi sifuti. Kila kazi ina folda yake yenye mwaka, jina la mteja na kazi yenyewe, na ndani yake kuna picha ya ile karatasi ya kikao cha kwanza.

Mwaka 2018 nilimchorea mama mmoja wa Temeke lebo ya achari ya embe. Alikuwa anapika chupa 30 kwa wiki. Alirudi 2024, simu yake ya zamani iliibiwa, hana faili, hana hata chupa moja yenye lebo nzima, na duka moja kubwa limemwambia alete lebo kufikia Ijumaa. Alikuwa ameshaanza kuomba radhi kabla hajaketi. Nikafungua diski, ikachukua kama dakika mbili. Lebo ilikuwapo, na karatasi ilikuwapo, mwandiko wangu wa 2018: "Kijani cha embe bichi, siyo cha jani. Mama anasema ukikosea watu watadhani ni mchicha."

Akaisoma kwa sauti, akaniuliza, "Uliandika na hilo?"

Tukaongeza namba mpya ya simu, nikaipigia kuhakiki, ikaita mkobani mwake.